Mtoto Aliyekatazwa Kuchuchumaa

Sijui mpaka leo ni nani aliyemwita Amisi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwanamke aligonga dirisha la dispensari akasema, "Kule kambini wanaua mutoto," na alipofungua mlango hakukuta mtu. Nimewauliza wengi, wengine wakiwa wazee wasio na sababu tena ya kuficha neno. Kila mmoja alinitajia mtu mwingine. Nimeacha kuuliza.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na tuliishi Kindu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Wazazi wetu walitoka Kasai, na ingawa mimi na mdogo wangu Ngalula tulizaliwa palepale, majirani walituita wageni siku walizokasirika na watoto wao siku walizofurahi.

Ngalula alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa na midomo ya zambarau, na kucha zake zilikuwa kama zimechovywa kwenye wino. Akitembea hatua thelathini alisimama, akachuchumaa, magoti yakigusa kifua, akapumua kinywa wazi mpaka weusi ule upungue usoni. Kisha aliinuka na kuendelea na njia yake.

Kuchuchumaa kule ndiko kulikotuponza. Watu wa kambini waliamini kwamba mtoto anayechuchumaa uani kwa watu, bila haja wala mchezo, ni mulozi, yaani mchawi, na anapima kaburi. Nyumba hiyo itatoa maiti. Wenyeji walisema imani hiyo ilikuja na treni pamoja nasi. Sisi tulisema tuliikuta hapohapo.

Kaku, yaani bibi yetu mzaa baba, aliiamini kuliko wote, na alimpenda Ngalula kuliko wote. Kwa hiyo alichonga vipande viwili vya mwanzi, akawa anavifunga nyuma ya magoti ya mtoto kila tulipotoka, ili miguu isikunjike. Mimi nilipewa fimbo.

"Akitaka kukaa chini, umupige kwenye miguu," alinifundisha. "Hiyo njo kumusaidia. Wakimuona, watamuua."

Nilimpiga. Sikuwa na hasira. Nilimpiga kama mtu anavyofukuza kuku kwenye mpunga. Njiani kwenda kanisani aliyumba, macho yakageuka, nami nikampiga vigimbi mpaka vikavimba. Hakulia. Pumzi ya kulia hakuwa nayo.

Msimu ule wa mvua watoto watatu walikufa kambini. Wa tatu alikuwa mtoto mchanga wa Mama Feza, jirani yetu wa ukuta mmoja. Siku mbili kabla, Ngalula alikuwa amenitoroka bila mianzi yake, akachuchumaa mbele ya jiko la Mama Feza. Mama Feza alimwona. Alimpa hata kipande cha muhogo.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo Chama kilitulazimisha kila wiki, kufyeka majani na kuzibua mitaro. Ndiyo maana watu walipokuja kwetu hawakuhitaji kutafuta silaha. Walikuwa tayari wameshika majembe na mapanga, na msimamizi mwenye orodha ya majina alikuwa mbele yao.

"Baba Ngalula," msimamizi aliita, kwa adabu kabisa. "Utupe mutoto. Tunataka tu kumuangalia akisimama."

"Asimame kufanya nini?"

"Kama haiko mulozi, atasimama mpaka salongo iishe. Sisi wote tutasimama naye."

"Kwenu hamuna watoto wa kusimamisha?" Mama alijibu kutoka ndani.

Mtu mmoja alicheka. Kisha panga la kwanza likazama kwenye mlango.

Baba alisimama kizingitini na spana yake ya kazini. Alimpiga mtu wa kwanza kwenye taya, nikasikia mfupa ukivunjika, na hapohapo mpini wa jembe ukashuka juu ya mkono wake, mara mbili, mahali pamoja. Alipoanguka mkono ulikuwa umepinda kati ya kiwiko na kiganja. Mama alimng'ata mtu kidole na hakukiachia mpaka walipomburuta kwa nywele hadi uani. Kaku alipigwa teke la tumbo. Mimi nilikuwa chini ya meza, nimemkumbatia Ngalula. Mtu alimshika mguu mmoja, mimi nikashika mwingine. Tulimvutania kama kitambaa. Nilimwachia niliposikia akiguna.

Walimsimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Magoti yalipoanza kukunjika, kijana mmoja aliyapiga kwa ubapa wa panga.

"Simama, mulozi."

Alisimama. Magoti yakakunjika tena, akapigwa tena. Niliwajua wote waliozunguka kinu kile. Kijana yule mwenye panga alikuwa ameniokotea sandali yangu mtaroni wiki moja kabla. Mama Feza alikuwa pale, nguo yake imelowa maziwa kifuani. Na kutoka chini alipolala, Kaku alikuwa akipiga kelele: "Simama, mwanangu, simama." Lilikuwa neno lilelile walilolisema wao.

Ngalula aligeuka rangi ya mkaa. Alianguka kutoka juu ya kinu, kichwa kikagonga tofali, na hakujitikisa tena. Watu walirudi nyuma hatua moja.

"Imeisha," mtu alisema.

Hapo ndipo Amisi alipoingia uani. Alikuwa muuguzi wa dispensari, mtu wa Kasongo mwenye kofia nyeupe, ambaye watoto tulimkimbia kwa sababu ya sindano zake. Mtu alimtandika mpini mgongoni, naye hakugeuka. Alipiga magoti, akaikunja miguu ya Ngalula mpaka kifuani, akaikandamiza kwa uzito wake kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Kisha tukasikia pumzi moja, kavu, na nyingine.

"Munaona?" Amisi alisema, bila kupaza sauti. "Amezaliwa na tundu ndani ya moyo. Damu inakosa njia. Akikunja miguu, inapita. Anachuchumaa asikufe, na ninyi munamusimamisha."

"Na watoto yetu?" mwanamume mmoja aliuliza, huku analia.

"Wale walikufa na surua. Muniletee wale wamebaki. Leo, sio kesho."

Wengine walikimbilia watoto wao. Wengine walitema mate chini na kurudi mitaroni. Msimamizi alituandika kwenye orodha yake kwamba hatukuhudhuria salongo.

Tangu wakati huo nimesoma vitabu, nikalijua jina la ugonjwa ule, na kwamba ziko nchi ambako moyo kama huo hushonwa. Siwezi kuwahukumu watu wale. Walikuwa wamezika watoto watatu, na mimi nilikuwa na fimbo yangu. Ngalula aliishi mpaka miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo akina mama walivuka mto kutoka Alunguli, na mmoja alitoka Kalima, wamebeba watoto wenye midomo ya buluu, kuja tu kumwona msichana wa namna hiyo aliyefika miaka minane, kumi, kumi na mitatu. Walimshika kucha, wakazigeuzageuza. Mama aliwaonyesha jinsi ya kukunja miguu ya mtoto anapozidiwa. Waliondoka wakiongea kwa sauti, wao waliokuja wakinong'ona.

Lakini jioni ya Jumamosi ile hatukujua lolote la hayo. Baba, mkono umefungwa, alitaka turudi Kasai. Mama alikataa: Kasai hakuna Amisi. Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakakata shauri. Tutabaki. Ngalula atachuchumaa popote pumzi itakapomkatia. Na akiwa chini, hakuna mtu wa nyumba yetu atakayebaki amesimama.



Asubuhi, tukienda kanisani, tulipita mbele ya matanga ya Mama Feza, uani pamejaa watu. Ngalula alisimama pale, akachuchumaa. Mama alisita. Mimi niliangalia pembeni. Kaku alipandisha kitenge chake, akashika tumbo lake lililopigwa, na magoti yake ya kizee yakalia alipojishusha polepole kwenye matope, kando ya mjukuu wake, uso wake umewaelekea watu wote.

Sisi tukafuata.