Gari la Mkunga

Kila Jumamosi mkunga mstaafu wa Nyakato huosha gari lake dogo la spoti kwa mikono yake, kisha hulaza kiganja juu ya boneti na kuisikiliza injini kama alivyozoea kusikiliza matumbo ya wajawazito. Gari lina viti viwili tu na liko chini mno. Malori yakimpita barabarani, hutazamana na matairi yao. Wala hajali. Kwenye kona huinua kidevu na kutabasamu peke yake.

Jana Muganyizi, mnunuzi aliyetoka Sengerema baada ya kusikia gari linauzwa, alimwamkia shikamoo, akauliza kama gari la zamani hivi bado lina thamani. "Marahaba. Panda kwanza," alijibu mkunga. Walikwenda mpaka Busisi na kurudi, paa likiwa wazi, na Muganyizi alicheka njia nzima kama mtoto. Waliporudi, mkunga alijaribu kuinuka kitini, akashindwa. Akajaribu tena. Muganyizi akamshika mikono, akamvuta taratibu mpaka akasimama.

"Gari halijachoka, mwanangu," alisema akisugua magoti. "Mimi ndiye niliyechoka kulipanda." Akamwekea ufunguo mkononi kabla hawajataja bei.