Fomu ya Nne

Katika miaka thelathini na mmoja ya utumishi serikalini, Asukile Mwakibete hakuchelewa kazini hata siku moja, na hilo alilisema mwenyewe kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Alianza kama karani wa masjala, akapanda ngazi taratibu mpaka akastaafu akiwa mkurugenzi wa halmashauri. Wakulima wa viazi na wafanyabiashara wa Uyole, Mbeya, walipoanzisha Saccos, chama chao cha akiba na mikopo, walimfuata nyumbani, wakamwomba aingie kwenye bodi na kuongoza kamati ya mikopo. Walitaka mtu msafi. Naye alikuwa msafi kweli, sibishi. Kilichomponza ni huruma yake ya kiofisi.

Enzi za ukurugenzi, alipoitwa Dodoma ghafla, alikuwa akimwachia katibu muhtasi karatasi tupu alizokwisha kuzisaini, ili walimu wasicheleweshewe stahili zao eti kwa sababu bosi yuko safarini. Hakuna aliyemkemea. Walimu walimshukuru, na mwenyewe aliona huo ndio uungwana.

Basi Novemba, mvua zimeanza na kila mtu anatafuta mbolea, shemeji yake akafariki huko Kilolo. Mkewe, Eveline, alikuwa ameshafunga mizigo. Asukile akapita mbiombio ofisini kwa Saccos, akachukua fomu nne za mkopo ambazo hazijaandikwa chochote, akazisaini zote mahali pa kuidhinisha, akamkabidhi meneja kijana aitwaye Fred. "Wakija wakulima wasikwame kwa ajili ya msiba wangu," akamwambia, akaondoka huku moyo wake umeridhika kabisa.

Msibani alikaa siku tisa. Aliporudi, alikuta jaladani fomu tatu.

Angeweza kujidanganya kwamba alisaini tatu, kama si kalamu. Kwenye ile ya nne wino ulimwishia katikati ya jina, akamalizia kwa kalamu nyingine. Saini ilikuwa nusu ya bluu, nusu nyeusi, na jaladani saini ya namna hiyo haikuwemo. Maana yake kuna karatasi inazurura mjini yenye idhini yake, na yeyote aliyenayo anaweza kujaza jina analotaka na kiasi anachotaka. Akiba za watu wazima waliouza viazi kwa jasho zingeondoka kwa mkono wa Asukile.

Miezi minane aliishi na fomu ile. Chai ilimpoa mezani. Akija mwanachama mgeni kuomba mkopo, Asukile aligeuza karatasi yake huku na huku, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee siku hizi haoni vizuri. Kuhusu Mwanakhamisi, au Mama Nasri, mwenyekiti wa bodi, mama anayeuza mchele wa Mbarali hapo sokoni, usiseme. Kila mama huyo alipomtazama katika kikao, Asukile alihisi anatazamwa mpaka mfukoni. Na kwa nini asimwambie tu? Aibu, ndugu zangu. Mtu aliyewafundisha watendaji wa kata kutunza nyaraka angeanzia wapi?

Juni alipanda basi kwenda Iringa, ambako Fred alikuwa amepata kazi nyingine. Alimkuta, akamsalimu vizuri, akamnunulia soda.

"Mzee, mbona ulisaini tatu tu," Fred akasema. "Nilitoa nakala, nikajaza, nikaweka kwenye jalada. Basi."

"Nne, mwanangu. Kumbuka vizuri."

"Nakuheshimu sana, Mzee, lakini mimi nakumbuka tatu."

Akarudi Mbeya mikono mitupu, na safari nzima hakufungua hata karanga alizonunua.

Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi ya pili ya Julai, baridi ikiuma, ukumbini watu wamejifunika mablanketi na makoti. Ajenda ya saba ilikuwa uchaguzi wa bodi. Asukile aligombea tena, wala hakuwa na mpinzani. Asubuhi Eveline alimfunga tai akasema, "Baba Ambokile. Kama kuna jambo, liseme. Mimi nimechoka kukuangalia."

Ilipofika ajenda ya sita akasimama. Akashika kiti cha mbele. Akawaeleza yote: msiba, fomu nne, kalamu iliyoishiwa wino, safari ya Iringa. "Sijui iko wapi," akasema. "Ikitokea, mjue ni ujinga wangu, si wa meneja. Na jina langu naomba liondolewe kwenye uchaguzi."

Mzee Zabron wa mashine ya kusaga akaguna. Mtu akauliza kwa sauti, "Mkurugenzi mzima?" Asukile akainamisha kichwa.

Mwanakhamisi akafungua mkoba wake. Akatoa bahasha, ndani ya bahasha fomu, akainyanyua watu waione. Haikuwa na jina la mkopaji wala kiasi. Chini palikuwa na saini, nusu ya bluu, nusu nyeusi.

"Niliikuta kwenye mashine ya fotokopi, siku ileile uliyosafiri," akasema. "Fred aliisahau humo."

Asukile aliipokea kwa mikono miwili. Hakuichana. Mtu wa masjala hachani waraka. Aliomba kalamu, akapiga mstari kutoka kona hadi kona, akaandika IMEBATILISHWA na tarehe, akasaini tena chini ya ile ya kwanza. Saini mbili hazikufanana.

"Miezi minane, Mama Nasri," akasema taratibu. "Nimekonda mbele ya macho yako."

"Nimekuona ukikonda." Mwanakhamisi alikuwa anafunga zipu ya mkoba, hakumtazama. "Jina lako linabaki kwenye karatasi ya kura, wanachama wataamua wenyewe. Lakini ungenyamaza mpaka ajenda ya saba, Mzee wangu, wallahi bahasha hii ningewafungulia mimi."

Asukile akakaa. Karani akaanza kugawa karatasi za kura.