Nafasi ya Mbele

Asubuhi ile nilikuwa namenya ndizi uani kwetu Mpuguso. Mkamwana wangu Tusajigwe, mke wa mwanangu Ambokile, alikuwa anatoka mtoni. Mume wangu akatokea njiani. Binti akakimbilia nyuma ya migomba, ndoo kichwani, akampa mgongo mpaka mzee alipopita. Ndivyo tulivyo Wanyakyusa. Mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hakai naye chini ya paa moja.

Celeste, nesi wa Msumbiji aliyekuwa akilala kwetu, akacheka.

"Mama, kwani huyo mzee ana ndui?"

"Ana mkwe mwenye adabu," nikamjibu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imeanza kujaa sokoni Tukuyu. Kwa akina Celeste kulikuwa na vita. Wauguzi wao waliletwa kusoma na wetu, na sisi wakunga tukajifunza kwao mambo waliyoyaona kwa macho: kufunga jeraha la risasi, kubeba aliyevunjika, kuhamisha kituo upesi. Mimi ni mkunga wa jadi, niliishia darasa la pili. Tusajigwe alimaliza la saba, akawa ananiandikia kwenye daftari lake. Lakini sheria moja niliishika bila daftari: gari likiondoka kwenye hatari, mhudumu habaki nyuma.

Mwaka uliofuata tukapelekwa kusini, kwenye kituo cha wakimbizi karibu na Mto Ruvuma. Ambokile alibaki nyumbani. Mume wangu alikuwa dereva wa Landrover ya kituo. Tusajigwe nilimpandisha lori la dawa. Tulipofika nikamtafutia kibanda mbali na cha mzee. Nilijivuna sana. Niliwaambia wenzangu kwamba wangu hata vitani wana adabu.

Wapiganaji walivuka mto mchana, tukiwa tunagawa uji. Tulisikia bunduki, kisha tukaona watu wanakimbia na watoto migongoni.

Tukapakia majeruhi. Mimi na Celeste tukachuchumaa katikati yao. Mbele palibaki nafasi ya mtu mmoja, kando ya dereva.

Tusajigwe alisimama hatua chache kutoka garini, kanga ameivuta usoni. Alikuwa ananingoja mimi niseme.

"Mama, nifanyeje?"

"Apande!" Celeste alisema. "Mama, si tulifundishwa?"

Lori lilikuwa limekwenda kuchota maji.

Nikasema, "Subiri lori. Linakuja."

"Haya, mama."

Mume wangu hakugeuka. Akatia gia.

Lori halikufika. Lilikuta njia imefungwa.

Askari walituruhusu kurudi kesho yake. Tulimkuta palepale lori lilipozoea kusimama, ameegemea mapipa ya maji. Risasi ilimpata ubavuni. Celeste alimfunua kanga, akalitoa lile daftari, akanipa. Afadhali angenitukana.

Watu hunifariji, wanasema bibi, ile ilikuwa vita. Najua. Risasi ilipigwa na vita. Lakini kumwambia abaki, nilimwambia mimi, na aliniuliza kwanza. Angekuwa mtoto mkaidi angeruka garini, leo angekuwa mama mtu mzima, mimi ningekuwa nimekasirika tu. Hasira yangu ingeisha baada ya wiki.

Mume wangu alilitaja jambo lile mara moja, miaka mingi baadaye, tumekaa tunaota moto.

"Angepanda, ningetazama barabara," alisema. "Dereva anatazama nini kingine?"

Nikasogeza kuni motoni.

Tusajigwe tulimrudisha Mpuguso kwa Landrover ileile, njia ya siku mbili. Baba mkwe wake alishika usukani. Mimi nilikaa nyuma, nimeshika jeneza lisiteleze kwenye kona. Walikuwa chini ya paa moja, na sikukataza. Nafasi ya mbele ilikwenda tupu mpaka nyumbani, Ambokile alikokuwa anatungoja.