Kasiksi ya Wakwe Ndani ya Ndege

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo hadi leo nikiifikiria nacheka peke yangu, na wajukuu wanatazamana kama vile babu ameanza kuchanganyikiwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi msaidizi wa ndege hapa Kisangani, mji ambao Wazungu waliuita Stanleyville, na maringo yangu hayakuwa na kifani. Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka Bukavu, ndege imejaa abiria, nami nimebeba damujani, ile chupa kubwa iliyosukiwa matete, imejaa kasiksi, pombe ya ndizi ya watu wa huko. Ilikuwa ya wakwe. Alasiri hiyo nilitakiwa kuvuka mto hadi Lubunga kumposa Veronika, na baba yake alikuwa amesema wazi kwamba binti yake hamtoi kwa mtu asiye na kazi.

Sasa sikia upuuzi wangu. Mkubwa wetu wa mafundi alikuwa akipita na leso nyeupe, anagusa huku na huku, na leso ikichafuka umekwisha. Basi asubuhi kule Bukavu nilifungua kifuniko nyuma ya kiti cha rubani, nikakuta bomba moja limelowa mafuta kwenye kiungo. Nikafanya kama tulivyozoea sote: nikapangusa kwa kitambaa likang'aa, nikafunga. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na haraka ya kuposa, mwanangu.

Tulipoanza kushuka, mto Tshopo ukionekana chini, komanda, yaani rubani wetu, aliteremsha magurudumu. Yakaning'inia, yakakataa kujifunga. Mafuta yanayoyasukuma, hayohayo yanayoendesha breki, yalikuwa yamekwisha. Komanda alipiga pampu ya mkono, ikapiga hewa tupu. Tukabaki tunazunguka juu ya mji huku msaidizi wake akipapasa mabomba chungu nzima, akitafuta panapovuja.

Mimi nilipajua. Nikisema, kazi imekwenda, na Veronika pia. Nikinyamaza, nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja anamwimbia mtoto wake, hajui lolote. Niliona aibu, nikasogea mbele.

"Komanda," nikasema, "mie najua fasi mafuta inatokea. Asubuyi niliiona, nikapanguza."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Bon. Kaza sasa. Kulia utalia kesho."

Nikakaza kiungo kwa spana, nikakizungushia mshipi wangu wa suruali. Lakini tangi lilikuwa kavu, na mafuta ya akiba hatukuwa nayo. Komanda akauliza kama kuna kitu chochote cha majimaji. Abiria wote wakaitazama damujani yangu! Nikaimimina kasiksi yote ya wakwe mle tangini, na sikufichi, machozi yalinilengalenga. Kisha nikapiga pampu kwa mikono miwili. Magurudumu yakajifunga. Tukatua, breki zikikamata kwa kusitasita, ndege nzima ikinuka harusi. Watu walishuka wakicheza, na yule mama alinikumbatia pamoja na mtoto wake, suruali yangu nimeishikilia kwa mkono mmoja.

Nilifika Lubunga mikono mitupu. Baba yake Veronika, Papa Bosenge, mtu wa reli, akauliza kinywaji kiko wapi. Nikamweleza yote, hata kile kitambaa changu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanikazia macho.

"Kwetu ku reli, mafuta ikivuja hatupanguze. Tunazungushia chaki, tunaita chef aone. Weye karibu uue batu sababu ya leso!"

"Ndiyo, papa. Na kesho watanifukuza."

"Alors? Wakikufukuza, utakuja ku reli. Mutoto nakupa."

Veronika, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, alipiga vigelegele peke yake kabla shangazi zake hawajajua kuna nini.

Basi, mwanangu, ukiona kosa katika kazi yako, hata kama ni lako mwenyewe, hata kama ni siku ya posa yako, usilipanguse. Lizungushie chaki, uwaite wakubwa waone. Utaaibika saa moja, lakini watu watafika kwao. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kukiri, akujalie mikono ya kutengeneza ulichoharibu, na siku utakapobisha hodi ukweni huna kitu, akukutanishe na wakwe wanaojua kucheka.