Waliotoka Kabla ya Mtihani

Usiku ule nililala na hasira. Mkuu wa chuo alikuwa ameniambia, tena kwenye korido mbele za watu, kwamba kipindi changu cha mwisho nimwachie mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuongoza shule ya msingi iliyosifiwa mkoa mzima kwa kupandisha wastani wa mtihani wa darasa la saba. Wanachuo wangu ni walimu wanaosomea ukuu wa shule, na wiki inayofuata walikuwa wanatawanyika kwenda kuongoza. Mkuu alisema wanachohitaji sasa ni uzoefu, utafiti wameshameza wa kutosha. Nilibisha mpaka jasho likanitoka. Nikashindwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Mwalimu Mtweve, mwenzangu wa ofisi moja, aliyefariki kwa ugonjwa wa figo kabla ya mvua za mwaka jana. Aliwafuata majumbani watoto waliowahi kusoma shule ile ile ya mzee. Alichokikuta hakina fumbo. Kila mwaka watoto dhaifu wa darasa la sita walikaririshwa darasa, wengine wakahamishwa, ili wasifike kwenye mtihani wakaiangusha shule. Wengi wao hawakurudi tena shule yoyote. Wastani ulipanda kwa sababu wa kuushusha walikuwa wameshaondolewa, wala hakuna mtoto aliyefundishwa vizuri zaidi ya zamani. Hilo ndilo nililotaka wanachuo walisikie kabla hawajaondoka, maana Sanga, hodari kuliko wote darasani kwangu, alikuwa amepangiwa shule yenye watoto wengi wa wachuma chai, na alishatamba bwenini kwamba ataanza na mchujo.

Basi usingizi ukanichukua hivyo hivyo, nimenuna.

Nikajikuta ukumbini chuoni. Mtweve anaingia, buti zake za mpira zimejaa tope, kama alivyokuwa akirudi kutoka majumbani kwa watu. Nilijua amekufa. Nilishiriki kumzika; yeye Mhehe, mimi Mngoni, na kwa utani wa makabila yetu nilivaa koti lake pale msibani nikamwigiza anavyobisha hodi kwa wazazi, watu wakacheka huku wanalia. Lakini ukumbini sikumwogopa. Nilikasirika tu kwamba amechelewa, halafu anatuchafulia sakafu. Nikamwambia hivyo, nikingoja anirudishie kejeli kama kawaida yake. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Akatoka nje, nikamfuata, na huko nje kukawa ndani ya darasa. Madawati ni yale madogo ya watoto, ila waliokaa ni watu wazima, magoti hayaingii, sare zimepasuka mabegani. Mmoja ananyonyesha. Mwingine vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchuma chai. Wote wameinama wanafanya zoezi la darasa la sita, kimya kabisa. Mbele amesimama mzee mstaafu, mpole, suti yake safi, anasimulia alivyoipandisha shule. Wanachuo wangu wamejipanga ukutani, Sanga yuko katikati yao.

Mzee anamaliza sentensi, wanachuo wanapiga makofi. Mama anayenyonyesha anainuka, anafunga mtoto mgongoni, anatoka. Ubaoni wastani unapanda. Makofi tena. Wa vidole vyeusi anatoka, hata hageuki. Wastani unapanda. Hakuna anayewafukuza, wala hakuna anayelia. Wanaondoka kama watu walioitwa majina. Nataka kupiga kelele lakini mdomo umejaa vumbi la chaki, nalimeza, linajaa tena. Jamani, moyo uliniuma, uliniuma kuliko siku tuliyomzika Mtweve.

Mtweve mwenyewe alikuwa dirishani, upande wa nje. Nikaenda nikamshika mkono kupitia kwenye nondo, ukawa wa baridi. Nikamwomba aingie awaambie. Kazi ni yake, ushahidi ni wake, yeye ndiye aliyekwenda kwenye zile nyumba. Mimi watanisikiliza kwa lipi?

"Mimi nimekufa, Mama Neema," akasema. "Hawa ni wanafunzi wako."

Kugeuka, amebaki msichana mmoja tu darasa zima, huyu ni mtoto kweli, sare yake imepigwa pasi. Ubaoni wastani umefika mia. Wanachuo wanashangilia, Sanga anafuta machozi ya furaha, ananivuta mkono nitazame ubao. Hakuna anayemtazama mtoto. Yeye akanyoosha kidole kwa adabu, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akaniuliza, "na mimi natoka lini?"

Nikarudi dirishani kumuuliza Mtweve nimwambie nini, nikamkuta ameshaanza kuondoka, anatembea kwenye tope na mgongo amenipa. Alisema bila kusimama, na ilibidi nitege sikio.

"Usiwaambie wana roho mbaya, maana hawana. Waambie wahesabu walioanza."

Nikaamka. Baba Neema alikuwa ameketi kitandani ananiuliza nalia nini. Nikamwambia silii, kumbe mto umelowa chapachapa. Nilipomsimulia alisema ndoto za marehemu zinaombewa misa. Nikamjibu misa itasomwa, ila kipindi kile nakifundisha mimi. Mzee atakaribishwa mstari wa mbele anywe soda yake, na mkuu wa chuo aandike barua anayoitaka. Akaniuliza kama niko tayari kuhamishiwa porini na umri huu. Nikasema niko tayari. Nilimdanganya, nilikuwa naogopa sana.

Kulipopambazuka nikampigia simu Sanga. Nikamuuliza kuhusu ile shule anayokwenda kuiongoza: hawa watoto wa darasa la saba wa sasa, walipoandikishwa la kwanza walikuwa wangapi? Akanitajia wastani wa shule, kwa haraka, kama mtu aliyejiandaa kuulizwa. Nikamwambia sijauliza wastani. Nyuma yake nikasikia ndoo zikigongana bombani na wenzake wakicheka.

"Hilo sijui, mwalimu," akasema. "Ila waliobaki wako vizuri sana."