Nyoka wa Sukari kwenye Sinia ya Posa

Mwanangu, siku ambayo dada yangu Nyangeta nusura akose mume kwa sababu ya pipi naikumbuka vizuri kuliko siku niliyomaliza kidato cha nne. Kaa nikueleze, maana juzi nilikuona pale dukani Kabasa ukinunua mapipi ya kila umbo ya kuwapelekea wakwe zako, na moyo wangu uliruka. Uliruka kwa furaha kwanza. Hofu ilinipata nilipofika nyumbani.

Wewe umezaliwa maduka yamejaa. Sisi tulikua Musoma wakati sukari inapangiwa foleni na mche wa sabuni unakatwa vipande jirani wagawane. Pipi tuliyoijua ilikuwa moja, ya duara, ngumu kama kokoto, na tuliinyonya kwa zamu. Halafu ikaja ruksa, watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Rafu zilizokuwa na vumbi tu zikaanza kupata rangi. Mjomba wetu, dereva wa lori aliyepita mpakani Sirari kila wiki, akatuletea kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Tulipolifungua tulipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Mlikuwa na vitu humo! Meno ya bandia, ufizi wa waridi na meno meupe. Mayai ya kukaanga yenye kiini cha njano. Vichupa vya soda. Ndizi laini kama sponji. Na nyoka, mwanangu, nyoka warefu wa jeli, kichwa chekundu, mkia wa kijani.

Nina maoni yangu kuhusu pipi hizo na sitayabadilisha mpaka nizikwe. Ndizi ilikuwa uongo mtupu, ilinukia dawa ya kikohozi na kuganda kwenye kaakaa. Yai lilikuwa zuri kwa kutazama tu. Ukilitia mdomoni nyeupe yote inayeyuka kama povu, unabaki na kiini unajiuliza kama umekula. Kichupa kilikuwa na ladha ya soda iliyoachwa wazi, nami nilikipenda hivyohivyo. Lakini nyoka! Nyoka alikuwa mfalme. Unamvuta mpaka karibu akatike, unamng'ata mkia kwanza, kichwa unakiacha mwisho kwa sababu uchachu wote uko kwenye ile rangi nyekundu. Anayeanzia kichwani hajui raha. Nimetangatanga sana tangu hapo, nimeuza mitumba Buhemba kwa wachimbaji, nimekaanga samaki kisiwani Rukuba, na kila duka ninaloingia macho yangu yanakwenda kwenye makopo kabla sijasalimia. Za siku hizi zinang'aa zaidi, lakini hazivutiki.

Basi. Mwaka huohuo wa kopo, kijana mmoja wa upande wa Bunda, watu wa pamba na ng'ombe, alimpenda Nyangeta, na Nyangeta alimpenda mpaka akawa anaunguza ugali. Wazee wake wakasema watakuja kwa bibi yetu kijijini, huku ufukweni, kuzungumza posa. Unajua desturi yetu: kabla ya wageni kama hao kufika, mwenyeji anamuuliza mshenga ukoo wao hauli nini, asije akawapikia mwiko wao. Bibi akauliza. Mshenga akajibu kwamba ukoo ule unamheshimu chatu.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Nani atawapikia chatu hapa? Sisi tuna sato."

Nilikuwepo. Nilicheka naye. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilijiona mjanja wa mjini.

Siku ya wageni nilipewa kazi ya kupeleka chai. Nikaona aibu kupeleka chai na viazi vitamu kwa watu wakubwa vile, wakati nina kopo langu nililokuja nalo kutoka mjini. Bila kumwambia mtu nikapanga sinia. Mayai pembeni, meno kwa mstari, na katikati, mahali pa heshima, nyoka wangu wote, nimewakunja mduara mmoja mmoja. Mmoja nikamtia shavuni mwangu, nguvu ya kazi.

Msemaji wao alikuwa Mzee Magesa, baba mkubwa wa kijana, mrefu, mtaratibu, amevaa koti zito hata kwenye jua lile. Nikapiga goti, nikamnyooshea sinia. Akanyoosha mkono, ukabaki hewani.

"Hiki ni nini, mama?"

"Nyoka, babu! Karibu nyoka. Anza na mkia!"

Mzee akarudisha mkono, akachukua kofia yake, akasimama. Wenzake nao wakasimama.

"Mzee, jamani," mshenga akasema, "huyo ni mtoto."

"Mtoto wa nyumba hii. Kwetu chatu hatumuuagi, hatumfukuzagi. Akiingia uani tunasubiriga mpaka aondoke mwenyewe. Leo tumekuja kutafuta mke, tunawekewa wanawe kwenye sinia tuwatafune?"

Nikaona nimweleweshe. "Ni sukari tu, babu! Hata damu hawana."

Akanitazama, wala hakukasirika. Akaelekeza kidole ukutani, ilipokuwa picha ya marehemu babu yetu. "Ile ni nini?"

"Picha ya babu."

"Ishushe uikanyage. Si karatasi tu?"

Sikuweza hata kuitazama. Nilitazama mlango wa chumbani, nikaona chini ya pazia miguu ya Nyangeta, imepakwa mafuta, inatetemeka.

Bibi ndiye aliyeingilia kati. "Wewe mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyowaita wajukuu wake wa kike, "ulikuwepo nilipouliza. Masikio uliyasahau ndani ya kopo?" Kisha akamgeukia mgeni. "Mzee, kosa ni letu. Tuambie tulirekebisheje."

Mzee Magesa akafikiri akiwa amesimama vilevile. "Awatoe yeye mwenyewe. Kwa mikono, mmoja mmoja. Akawalaze majanini nje ya boma. Asiwatupe."

Nikawatoa. Wageni wamesimama mlangoni na kofia zao, kuku wa bibi wananifuata nyuma wakidhani ni minyoo, mimi nawafukuza kwa mguu huku nalia. Sikulia kwa toba, mwanangu, nisikudanganye. Nilililia pipi.

Niliporudi akaniuliza, "Wameisha?"

Nikaitikia kwa kichwa, maana shavuni bado nilikuwa na yule mmoja. Mkia na mwili nilishamaliza, kimebaki kichwa. Hakuna aliyejua. Ningemeza tu, mambo yangeisha. Lakini ile miguu chini ya pazia ilikuwa bado inatetemeka. Nikakitema kiganjani mbele ya watu wazima wote, chekundu, kimelowa mate, nikamwonyesha.

"Bado huyu, babu."

Nikaenda nikamlaza na wenzake. Niliporudi wageni wote walikuwa wamekaa. Mzee Magesa alikuwa ameiweka kofia yake gotini.

"Mtoto aliyejitoa kitamu mdomoni kwa ajili ya dada yake," aliwaambia wenzake, "huyo ndugu yake tunaweza kumwoa." Akanigeukia. "Mama, lete hiyo chai. Na viazi, kama vipo."

Nyangeta yuko Bunda mpaka leo, ana wajukuu.

Kwa hiyo, mwanangu, wapelekee wakwe zako pipi. Wapelekee nyingi, na uwaeleze ipi inaanzwa wapi, maana furaha isiyogawiwa inachosha. Ila uliza kwanza kwao hawagusi nini, na ukijibiwa, geuka uangalie kilicho mkononi mwako. Kosa langu halikuwa kutojua. Nilijua, nikacheka. Na ukimkwaza mtu usimwambie kuwa ni sukari tu. Uzito wa kitu anaupima yeye aliyeumia. Ukitakiwa kurekebisha, rekebisha mpaka kile kilichofichwa shavuni ambacho hakuna aliyekiona.

Nenda. Mungu akutangulie barabarani, wakwe zako wakupokee kwa mikono miwili, na nyumba utakayoijenga isikose kitamu wala mtu wa kugawana naye.