Hodi ya Tatu

Mimi ni mwoga, na afadhali niseme mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa. Naogopa mbwa, naogopa sindano, na mwishoni mwa miaka ya tisini niliogopa anga iliyoandikwa kwa maneno matupu kwenye kompyuta ya tajiri wangu.

Kompyuta hiyo ilikuwa Kinondoni, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nilipoajiriwa kupiga chapa. Tajiri akienda kuswali adhuhuri na kupitiliza kwake kula, nachomeka waya wa simu, modemu inalia kama imebanwa mlangoni, naingia mchezoni. Picha hakuna hata moja. Ni maandishi ya kijani tu: uko ndani ya chombo chako, nje ni giza, kulia kuna sayari iliyokufa, nyuma yako kuna mtu. Huyo wa nyuma alikuwa mtu kweli, kakaa mbele ya kompyuta yake katika nchi nisiyoijua, na akitaka anakupiga kombora na kuzoa shehena yako. Mamia tulicheza pamoja, kila mmoja kwa ada ya mwezi. Ada yangu aliilipa kaka yangu, aliyekuwa Maskati akitunza ghala la vipuri. Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo, kwa barua ya kurasa tisa.

Hakunifundisha kwa ajili ya sayari. Nyumbani Temeke hatukuwa na simu, barua ilichukua wiki tatu, na barua pepe za ofisini zote tajiri alizisoma yeye. Mchezoni tulikutana kila siku ya kazi. Kaka alikuwa na kituo chake huko angani, chenye mlango. Nikifika naandika "Hodi," naye anaandika "Karibu" na kunifungulia. Nampa salamu za mama, ananipa zake, jioni nazifikisha. Mama hakutaka kujua tunaonanaje. Alichotaka ni kuniuliza, hata kabla sijavua viatu:

"Kaandika?"

"Kaandika, mama. Anakusalimu sana."

"Salamu ni amana. Kesho mpelekee na zangu."

Tangu siku ya kwanza kaka alinipa neno la kufungulia mlango hata kama hayupo. Neno lenyewe lilikuwa kisamvu, mboga aliyokuwa akiililia huko ugenini. "Kituo hiki chetu sote," aliandika. "Ingia tu." Sikulitumia hata mara moja, na ili mnielewe lazima nimtaje marehemu baba.

Baba alishika neno alilofundishwa chuo cha Kurani kwamba hodi ni tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Nikiwa na miaka tisa tulivaa nguo za Idi, tukavuka kwa pantoni hadi Kigamboni kumwona shangazi. Baba akabisha hodi tatu. Kimya. Akageuka, nasi nyuma yake, na sahani ya halua mkononi mwangu. Redio ilikuwa ikilia ndani. Baadaye shangazi alisema alikuwa anaoga tu, na alikasirika mpaka Idi iliyofuata. Baba hakujuta. Kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, alisema, ni wizi wa macho.

Basi Jumatatu moja niliandika hodi na kaka hakuitika. Nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Nikageuza chombo.

Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Jioni ya ile Jumatatu ya kwanza mama aliuliza, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Kaandika. Anakusalimu." Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyosema "salama" wakati jino linamuua. Mama alikuwa na presha, na nilijiambia ni uongo wa siku moja.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliivuta siku kumi na moja. Kila jioni nilitunga salamu. Kaka ana mafua kidogo. Kaka anauliza kama mlimau umezaa. Mama anacheka, ananipa majibu, kesho yake adhuhuri nayaandika yote mbele ya mlango uliofungwa. Maneno ya nje hayakuhifadhiwa popote. Aliyekuwa ndani saa ile ndiye aliyeyasikia, na kama hayupo yalipotea. Hilo nililijua, na niliandika hivyohivyo.

Hofu yangu ilikuwa moja. Kwamba kaka kafa huko ghalani, kaangukiwa na makasha, na mimi kila jioni namletea mama salamu za maiti.

Siku ya tisa niliganda mlangoni muda mrefu mno. Kioo kikaandika: nyuma yako kuna mtu. Kisha: umepigwa. Kisha: hewa inavuja. Nilikuwa kwenye kiti cha mbao Kinondoni, feni inazunguka juu yangu, lakini naapa pumzi iliniishia. Neno la mlango nilikuwa nalo. Ningeandika kisamvu ningekuwa ndani, salama. Badala yake niliandika hodi ya tatu, nikangoja jibu kwa adabu huku nikipigwa makombora, halafu nikakimbia na chombo kinachovuja. Mtu akiniambia malezi hayana nguvu, namwangalia tu.

Na nisijisingizie adabu peke yake. Nilikuwa sitaki kujua kilichomo ndani.

Siku ya kumi na moja kioo kikanionya kwamba ada zetu zote mbili zinaisha kesho, na hazijalipwa tena. Kaka hakuwahi kuchelewesha ada. Kesho mlango wenyewe usingekuwepo. Niliandika hodi mara tatu. Niliomba radhi kwa baba kwa sauti, peke yangu ofisini. Nikaandika kisamvu.

Mlango ulifunguka. Ndani kulikuwa na ubao wa kuachiana ujumbe, ambao siku zote niliuona mtupu kwa kuwa tulizungumza ana kwa ana. Sasa ulikuwa umejaa.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa ile Jumatatu. "Wamenihamishia zamu ya usiku, mchana nalala. Niachie salamu za mama hapa ubaoni, nitasoma usiku."

Jumanne: "Hujaandika. Mama hajambo?"

Alhamisi: "Mdogo wangu, mbona kimya? Neno la mlango umesahau? Haiwezekani."

Halafu: "Nimepiga simu ofisini kwenu, mwanamume kanijibu hapo ni kazini si posta, akakata."

Halafu: "Kama ni mama, niambie. Usinifiche. Najua unavyoogopa kusema."

Na wa mwisho, wa siku mbili nyuma: "Nimeshajua. Nimeacha kazi, tajiri kanirudishia pasi yangu. Nafika Jumamosi. Mkishamzika, nionyesheni kaburi."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliandika "MAMA MZIMA" ubaoni mara nyingi sijui ngapi, kwenye ubao ambao msomaji wake alikwisha ondoka. Kaka alikuwa hai, na siku zote hizo alikuwa anaogopa kama mimi, upande wa pili wa mlango huohuo.

Jioni mama aliuliza, "Kaandika?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Nikashika fremu ya mlango. "Anakuja, mama," nikasema. "Jumamosi." Nikaishia hapo.

Mama hakuuliza kwa nini. Alifurahi mpaka akasahau dawa yake. Ijumaa aliwaalika majirani, Jumamosi asubuhi uwanja wetu ulijaa wanawake juu ya mikeka, kanga vichwani, wanachambua mchele. Masufuria makubwa yakaazimwa, turubai likafungwa kuzuia jua. Mimi nilitoka kumpokea kaka kwenye kona ya mtaa, nimwambie kabla hajafika. Nilichelewa. Nilimwona kwa mbali anashuka kwenye teksi, kanzu nyeupe, kofia, uso umevimba.

Nikageuka kutazama alichokuwa anakitazama. Turubai. Mikeka. Wanawake wamejifunika. Masufuria. Niliita, "Kaka!" na sauti haikutoka. Aliliacha begi barabarani, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Wanawake walipomwona analia, mmoja naye akaanza kupiga yowe bila kujua anamlilia nani.

Mama alitoka nyuma ya turubai, mikono ina unga wa chapati.

"Mwanangu! Shari gani? Umefiwa na nani huko?"

Kaka aliinua uso. Alimtazama mama muda mrefu, halafu akamshika mguu, kifundo cha mguu, kama anayepima kitambaa, ahakikishe ni mtu si mzuka.

Pilau liliiva, likaliwa. Nilieleza yote alasiri, tukiwa watatu ndani, macho yangu yako kwenye mkeka. Nilieleza mchezo, mlango, hodi tatu, salamu nilizozitunga. Kaka alisikiliza. Ghala lile lilikwisha pata mtu mwingine, hakurudi tena Maskati, na katika maisha yake yote hakunitupia lawama, ambazo zingekuwa rahisi zaidi kuzibeba.

Mama ndiye aliyeuliza, taratibu, akijifuta unga uliokauka vidoleni.

"Na salamu zangu mie? Kila siku nilikupa. Ulizipeleka wapi?"

"Mlangoni, mama," nikasema. "Niliziacha nje ya mlango."